Vidonge vya damu havifuti tembo la mnazi

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera na huku kwetu Makorora naliona kila siku. Mi nauza vitumbua asubuhi, wajawazito wanapita kwangu wakienda kliniki. Juzi binti wa jirani, mimba ya miezi minne, kakaa kwenye benchi langu anameza kidonge cha damu kwa chai ya rangi, nikamwambia wee mwanangu, chai inazuia yale madini ya chuma yasiingie mwilini, ngoja japo saa moja au mbili, meza na maji ule na chungwa, si haya ya Muheza yamejaa tele. Akashangaa. Kliniki kapewa vidonge kaandikiwa kwenye kadi basi, hata kwamba choo kitakuwa cheusi hakuambiwa, ye akajua anaumwa akaacha wiki nzima.

Lakini kilichonimaliza ni hiki, eti mama mkwe wake anampa kikombe cha tembo, yaani pombe ya mnazi, kila asubuhi, lile tamu la alfajiri, "hilo halina ulevi, na si unameza vidonge, vitasafisha." Jamani! Mnazi unaanza kuchachuka ukiwa bado juu ya mti kwenye kibuyu, uwe mtamu uwe mkali pombe imo. Na pombe inapita kwenye kondo inamfika mtoto, ini lake bado changa haliwezi kuitoa vizuri. Anaweza kuzaliwa mzima tu kwa macho, akifika darasa la pili hashiki kitu, hatulii, mnamchapa bure kumbe ubongo uliumia tumboni na hakuna dawa ya kuurudisha. Bia, mnazi, gongo, hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Na ile foliki asidi, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya kliniki, kazi yake nyingine kabisa, inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na mgongo wenyewe unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba itunge, wengi hata hatujajua kama tumeshika mimba, ndo maana zile mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa zianze kabla. (Haya nimeyapata kwa marehemu dada yangu, alikuwa mkunga.)

Mama mkwe simlaumu sana, hata mi bibi yangu Pangani aliniambia hivyohivyo. Naomba mtuwekee mtaalamu gazetini, ila aongee lugha ya mama mkwe, maana yule binti anasema kukataa kikombe hawezi, anakipokea kwa mikono miwili, shikamoo mama, halafu anaenda kukimwaga uani kwenye migomba.

Muuza vitumbua,
Makorora, Tanga