Ya Dodoma tunayajua, ya mtaani nani anayajua?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nistaafu. Nilikuwa afisa kilimo msaidizi. Nimefanya kazi Newala na Tandahimba, miaka ya mwisho nikahamishiwa Mtwara mjini, na hapa Chuno ndipo nilipojenga. Mstaafu ana muda wa kusikiliza. Asubuhi nasikiliza barazani, mchana sokoni, jioni nje ya kibanda umiza, na ninachosikia kwa sehemu kubwa ni habari za mbali.

Barazani kwetu wapo wazee wanaoweza kukutajia Baraza la Mawaziri lote, nani katolewa wizara ipi na kapelekwa wapi, nani kasema nini bungeni. Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mkupuo ya mstaafu, ndiyo usiseme. Wanakumbuka kilivyoshuka kutoka asilimia 50 hadi 33 mwaka 2022, na kilivyopandishwa hadi 40 kwenye bajeti ya 2024/25. Ni mazungumzo mazuri, nami huchangia, maana jasho la mtumishi si jambo dogo. Lakini siku moja nikauliza pale pale: mkutano wa mwisho wa mtaa wetu ulifanyika lini, na mapato na matumizi yalisomwa? Walitazamana. Mmoja akanijibu, "Mzee mwenzangu, kule wanakwenda wanaotafuta posho."

Jibu lile limeniuma mpaka leo. Sheria za serikali za mitaa tulizonazo tangu mwaka 1982 zimempa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea kiti kwenye mkutano mkuu wa kijiji chake. Hahitaji kadi ya chama wala barua ya mwaliko. Sisi wa mjini tuna mkutano wa mtaa. Pale ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo mimi mstaafu naweza kusimama, nikamtazama kiongozi usoni, nikamuuliza hela imekwenda wapi, naye akalazimika kunijibu mbele ya majirani. Bungeni sina nafasi hiyo. Novemba 27, 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa na vijiji nchi nzima. Waulize vijana kumi wa bodaboda hapa mjini jina la mwenyekiti wa mtaa wao, usikilize watakavyokujibu.

Kwa mkulima wa korosho jambo hili ni chakula. Nimeishi na wakulima, nayajua ya ghalani. Mnada ukipita, bei inatangazwa na kila mtu anaifurahia au anaikasirikia bei ile. Halafu hela inafika ikiwa pungufu. Kuna tozo ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafirishaji. Mkulima analalamika kwamba Serikali imemkata. Mengi ya makato hayo hupita kwanza kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yake mwenyewe, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, siku ambayo yeye alikuwa na shughuli nyingine. Kila mtu wa kusini anakumbuka mwaka 2018, Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi, akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuja kubeba korosho. Watu wanasimulia jambo lile kama limetokea jana. Waulize hao hao AMCOS yao iliamua nini mwaka huo, hawana la kusimulia.

Msimu mmoja nilisimama mbele ya mizani ya ghala moja, sitalitaja. Mama mmoja wa makamo alifika na gunia lake. Karani akaliweka juu, akataja kilo, akaandika. Mama hakuinua macho kutazama mizani. Akapokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga. Nikamuuliza, "Mama, umeona kilo ngapi?" Akanijibu kwa upole, "Si amesema yeye, baba?" Simlaumu hata kidogo. Alikuwa ameamka alfajiri, ameokota, ametenganisha mabibo na korosho, ameanika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kutazama ile mizani ni haki yake. Sisi tuliosoma kidogo tungekuwa tunahudhuria mikutano ya chama, tungekuwa tumemwambia. Na kangomba inaota mizizi hapo hapo. Mtu anachukua hela ya mlanguzi miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa ajili ya ada au ngoma ya watoto, analipa kwa korosho kwa bei ya kutupa. Dola inakamata walanguzi, sawa, na ikamate. Lakini ni mkutano wa chama ndio ungeweza kuamua wanachama waweke akiba ya kukopeshana wakati wa kiangazi. Nani amelipeleka wazo hilo huko?

Mhariri, nadhani tumezoeshwa kutazama juu. Mikoa yetu imetoa Rais wa Awamu ya Tatu, mzee wetu Benjamin Mkapa wa Lupaso, ambaye daraja linalobeba jina lake pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, limetuondolea mateso ya kivuko ambayo vijana wa leo hawayajui. Imetoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyekaa miaka 10 hadi 2025. Ni heshima kubwa na tunawashukuru. Ila heshima hiyo imetuachia mazoea ya kungoja mtoto wa nyumbani aliye juu atuletee, na ya chini tukayaacha yaendeshwe na yeyote.

Mara moja tulisimama kwa ajili ya kilicho chetu, na iliishia vibaya. Mei 2013, baada ya hotuba ya bajeti ya nishati, mji huu uliwaka moto kwa sababu ya bomba la gesi. Nyumba zilichomwa, watu walikufa. Nilikuwepo. Bomba likajengwa hata hivyo, na mwaka 2015 likaanza kupeleka gesi Dar es Salaam. Ninachoamini ni kwamba kelele zile zilikuwa za watu waliokosa pa kuulizia kwa miaka mingi, wakauliza mara moja kwa mawe. Leo gesi inatoka, na ushuru wa huduma unalipwa kwa halmashauri zinazohusika. Swali la umejenga zahanati ipi na darasa lipi lina pa kuulizwa, kwa diwani, kwa sauti ya kawaida. Silisikii likiulizwa.

Kuhusu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 sitasema mengi, kwa kuwa wapo waliofiwa na machungu yao bado mabichi. Intaneti ilizimwa, nina watoto Dar es Salaam, na siku zile sikulala vizuri. Nitasema hili tu: taifa linajifunza kubishana bila kuumizana kwenye mikutano midogo, ambako unayempinga ni jirani yako na kesho mtakutana kisimani au msikitini. Tukiiacha mikutano hiyo ife, tunawanyima vijana shule ya kujifunzia.

Sasa mpira. Mimi ni Yanga tangu ujana wangu na sitabadilika. Mwaka 2023 tulipolikosa Kombe la Shirikisho kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger, chakula hakikupita. Miaka miwili baadaye majirani zangu wa Simba nao wakalilia kombe lile lile walipofungwa na RS Berkane, nikaenda kuwapa pole kwa dhati. Ni furaha na huzuni za nchi nzima, na ni nzuri. Lakini Mtwara ilikuwa na timu Ligi Kuu. Ndanda ilipanda msimu wa 2014/15, na mechi yake ya kwanza kabisa ikaifunga Stand United mabao 4-1 huko Shinyanga. Wanakuchele, ndivyo tulivyowaita! Mji mzima ulijiona umezaliwa upya. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulikuwa na uhai, mama lishe wakiuza hadi sufuria zinakwanguliwa, watoto wamekaa juu ya ukuta.

Lakini niliona jambo ambalo lilinitia wasiwasi mapema. Simba au Yanga wakija, uwanja unajaa, na robo tatu ya waliojaa wamevaa jezi ya mgeni. Kijana wa Ligula anashangilia bao dhidi ya kijana mwenzake wa Ligula. Wakija wengine, majukwaa yana mapengo. Mwaka 2020 Ndanda ikashuka, na tangu hapo imekuwa ikihangaika ngazi za chini. Sawa, fedha ni tatizo, uongozi nao una mengi ya kujibu. Lakini kiingilio cha mechi ya nyumbani ni pungufu ya kile kijana anachokiweka kwenye mkeka wa kubeti Jumamosi moja, kwa timu za Ulaya ambazo hazijui kama Mtwara ipo. Namungo ya Ruangwa ilionyesha kwamba mji mdogo wa kusini unaweza: mwaka 2020 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, ikafungwa na Simba 2-1, msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Watu wa Lindi, naomba mshikeni hiyo timu sasa, wakati bado ipo mikononi mwenu.

Nina mjukuu darasa la sita ambaye anawajua wachezaji wa Real Madrid mpaka wa akiba. Nilimpeleka Nangwanda Sijaona mechi moja ya madaraja ya chini, watu wachache, jua kali. Dakika za mwanzo alinung'unika. Kisha akamtambua beki wa kushoto: ni kaka yake rafiki yake, anakaa nyuma ya nyumba yetu. Hakunyamaza tena mpaka mwisho wa mechi, akimwita kwa jina, na beki yule mapumziko yalipofika akampungia mkono. Juma zima lililofuata alimsimulia kila aliyekuja nyumbani.

Kwenye familia nina neno moja tu, nalo limenifundisha kuliko yote. Mei 2024 kaka yangu mkubwa alifariki wiki ile ile ya Kimbunga Hidaya. Mvua ilikuwa imekata barabara pale Somanga, Kilwa. Kijana wangu alipanda basi Dar es Salaam, akakwama, magari yamepanga foleni pande zote mbili za maji, akalala ndani ya basi na njaa. Simu zilipatikana, tukasikilizana vizuri, alilia nami nikamsikia. Lakini kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa, wale wale ambao tunawapita barazani bila kuwasalimu. Maji walileta majirani. Mjomba wetu mzee ndiye aliyesimama kwa niaba ya ukoo, kama ilivyo desturi yetu, naye alifika kwa baiskeli kutoka Naliendele. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana wangu aliwasili matanga yamekwisha, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwashukuru watu waliomzikia baba yake mkubwa. Wengine ilibidi nimtajie majina njiani.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji: tangazeni mikutano mapema, bandikeni mapato na matumizi ukutani kwa maandishi makubwa, na mzee akiuliza msimwite mkorofi. Kwa viongozi wa AMCOS: kabla msimu haujafunguliwa, andikeni kila kato kwenye ubao pale ghalani, jina la kato na shilingi zake kwa kilo, na mizani igeuzwe imtazame mkulima. Kwa wanaosimamia mpira mkoani: ratiba ya mechi za nyumbani ifike mashuleni na kwenye redio zetu, maana nyingi tunazisikia zikiwa zimeshachezwa.

Na wewe Mhariri, ninasoma gazeti lako toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kurasa za michezo naona Simba, Yanga, Azam, kisha Uingereza na Hispania. Ningefurahi kuona, hata kwa herufi ndogo, matokeo ya timu za Mtwara na Lindi zilizo madaraja ya chini, na msimu wa korosho ukifika, karibu na bei ya mnada, mtuwekee na kiasi ambacho mkulima amepokea mkononi baada ya makato. Takwimu hizo mwandishi wenu akizikosa, aje Chuno, nitampeleka mwenyewe kwa wakulima.

Mstaafu,
Chuno, Mtwara