Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyerithi vichwa vya treni vya zamani

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza kama vile vichwa vya treni vya mfano alivyokuachia marehemu babu yako vinaweza kuingizwa kwenye mfumo wa dijitali, na ununue dikoda gani, yaani kile kibao kidogo cha umeme kinachofungwa ndani ya kichwa ili kipokee amri. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wako wengi wenye sanduku kama lako na swali kama lako. Jibu langu la kwanza ni kwamba usinunue dikoda yoyote kwanza. Kazi iliyo mbele yako ni ya kukitayarisha kichwa chenyewe, na huko ndiko wengi wanakoharibikiwa.

Katika mfumo aliouzoea babu yako, umeme wa relini ndio uliokuwa amri. Ukiongeza volti, kichwa kinakwenda kasi; ukibadilisha chanya na hasi, kinarudi nyuma; na vichwa viwili vikiwa kwenye njia moja, vyote vinaondoka pamoja upende usipende. Katika mfumo wa dijitali, uitwao DCC, reli hubeba umeme uleule wakati wote, treni iende au isimame, ila umeme huo hugeuka upande huu na upande ule maelfu ya mara kwa sekunde, na muda wa kila mgeuko ndio herufi ya ujumbe: nusu ya mpigo ikichukua mikrosekunde 58 husomwa kuwa moja, na ikichukua mikrosekunde 100 au zaidi husomwa kuwa sifuri. Dikoda iliyomo ndani ya kichwa huusoma ujumbe, na ikikuta anwani yake, huipa mota umeme kwa kadiri ilivyoagizwa. Lugha hiyo ilianzia kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, NMRA, kikaifanya kuwa kanuni, ndiyo maana dikoda ya mtengenezaji mmoja huelewana na mtambo wa kuongozea wa mtengenezaji mwingine.

Sasa angalia maana yake kwa kichwa cha zamani. Mota ambayo jana ilikula umeme moja kwa moja kutoka relini, leo inatakiwa ile kwa mkono wa dikoda peke yake, isiguse reli wala kitu chochote kinachogusa reli. Waliounda vichwa vile hawakuwa na sababu ya kulijali hilo. Kwao fremu ya chuma ilikuwa waya wa bure: magurudumu ya upande mmoja hupeleka umeme kwenye fremu, na brashi moja ya mota, kile kipande cha kaboni kinachoipa umeme, hukaa juu ya fremu hiyo hiyo. Ukifunga dikoda bila kukivunja kiungo hicho, umeme wa relini utaingia kwenye dikoda kwa mlango wa nyuma, upande wake wa kutolea umeme kwa mota, na dikoda itaungua papo hapo.

Mimi yalinipata. Nilikuwa na kichwa cheusi cha mvuke chenye tenda (behewa dogo la makaa na maji), nikazitenga brashi kwa uangalifu, nikapima, nikaridhika. Kisha nikarudisha skrubu iliyoshikilia mota, nikafunga bodi, yaani ganda la nje, nikakiweka njiani bila kupima tena. Skrubu ile ilikuwa imeisukuma mota kiasi cha unene wa karatasi, na kikono cha brashi kikawa kinaigusa fremu. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinifikia kabla sijaona chochote, na nilipofungua nikakuta tundu jeusi katikati ya dikoda, dogo kama kichwa cha pini. Tangu siku hiyo napima mara tatu: baada ya kutenga, baada ya kukaza skrubu, na baada ya kurudisha bodi. Weka mita ya umeme kwenye alama ya mlio, gusisha ncha moja kwenye brashi na nyingine kwenye fremu, halafu kwenye kila gurudumu, huku ukiizungusha mota taratibu kwa kidole. Mita ikilia hata mara moja, acha, tafuta.

Namna ya kutenga hutegemea mota. Kwenye mota za X04 za kampuni ya Tri-ang, ambazo nadhani ni mbili katika sanduku lako, springi moja hushikilia brashi zote mbili, na mkono wake mmoja tu umevishwa kijimpira. Vika na mkono wa pili, ondoa kile kibati kinachounganisha brashi na fremu, kisha lehemu waya mmoja kwa kila brashi. Vichwa vya zamani vya kampuni ya Athearn ni rahisi zaidi: klipu ya chini ya mota ndiyo inayogusa fremu, kwa hiyo lehemu waya kwenye klipu hiyo na utandike utepe wa kuhami chini yake. Lakini usiing'oe sumaku ya X04 ovyo kwa ajili ya kuisafisha. Sumaku za aina hiyo zikitolewa katika chuma chake hupoteza nguvu, na mota yenye sumaku dhaifu hunywa umeme mwingi zaidi.

Hapo ndipo tunafika kwenye dikoda. Safisha kwanza grisi iliyoganda, tia tone la mafuta mapya, kichwa kikimbie nusu saa kwa umeme wa kawaida. Kisha kipe volti 12 kupitia ampea mita, kishike kwa vidole mpaka mota isimame kabisa, soma haraka na uachie. Kipimo hicho ndicho kinachochagua dikoda. Dikoda nyingi za vichwa vya HO (kipimo cha 1:87) hubeba takriban ampea moja mfululizo, na mota kuukuu huweza kupita hapo. Ikipita, sumaku mpya ya neodimiamu mara nyingi hupunguza vizuri umeme inaokula.

Nyaya zenyewe hazina ugumu. Nyekundu huenda kwenye reli ya kulia na nyeusi ya kushoto. Ya machungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Ya buluu ni chanya ya taa zote, nyeupe ikiwa ya taa ya mbele na njano ya nyuma. Balbu ya zamani iliyokaa kwenye fremu nayo itengwe, au weka LED yenye rezista ya ohimu 1,000. Kapasita iliyofungwa kwenye mota ili kuzuia kelele za redio itoe. Ukimaliza, anzia kwenye njia ya kupangia, kipande cha reli cha kuiwekea dikoda mipangilio, ambako umeme ni mdogo, ili kosa lililobaki likuonye kabla ya kuunguza. Dikoda mpya hujibu kwa anwani 3.

Kuna kichwa kimoja ambacho nakusihi usikifungue: kile cha kijani kilichomo ndani ya boksi lake, ambacho babu yako alikiendesha siku za sikukuu tu. Wala usishawishike kukiendesha kwa anwani sifuri, njia ambayo baadhi ya mitambo huitoa kwa vichwa visivyo na dikoda, kwa kuwa mota hunguruma na kupata joto hata treni ikiwa imesimama. Kiwekee kipande chake cha reli na kile kidhibiti cha zamani.

Anza na kile cha Athearn chenye bodi iliyopasuka. Ukishapata kipimo chake cha ampea, niandikie kabla hujaenda dukani.

Mjomba wako