Mdogo wangu, gangi la njia usiliache

Darlington, Uingereza

Mdogo wangu Rashidi,

Salaam aleikum. Ujumbe wa Mjomba nimeupata, nao umenikera. Anataka nitume fedha uache gangi la njia, kikosi chenu cha kutengeneza reli, ukasomee kuendesha treni, eti kugonga mataruma yaliyo chini ya reli ni kazi ya vibarua. Fedha tutazizungumza. Kwanza nataka uwe na la kumjibu, tena barazani pale mbele ya wote. Nakuandikia kutoka mji ambao reli yake ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825, na historia yote ya huku inampinga.

Kichwa cha treni kilipatikana mapema. Richard Trevithick alikiendesha Penydarren, Wales, Februari 1804. Kilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70, karibu maili 10, kwa muda wa saa nne na ushei. Mashine iliweza, njia ndiyo iliyoshindwa. Ilikuwa ya vipande vifupi vya chuma cha kumimina, vilivyowekwa kwa ajili ya mabehewa ya farasi. Uzito ule ukavivunja, na mashine ikaondolewa njiani.

Chuma cha kumimina unakijua: ukikigandamiza kinavumilia, ukikipinda kinakatika bila kukuonya. Vipande vikiwa vifupi, maungio yanakuwa mengi. Gurudumu linagonga ungio, jiwe la chini linadidimia upande mmoja, ncha ya reli inayofuata inabaki juu, na gurudumu linalokuja linaipiga usoni. Haichukui muda, imepasuka.

Dawa ilitoka kwa John Birkinshaw wa kiwanda cha Bedlington, mwaka 1820. Alichukua chuma cha kufuliwa, akakipitisha kwenye rola kikiwa cha moto, akapata reli za futi 15. Maungio yakapungua, na reli ikilemewa inanesa kwanza. Hapa ndipo Mjomba anyamaze asikilize. Mhandisi George Stephenson alikuwa na hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya reli za kumimina tangu 1816, pamoja na William Losh. Zikinunuliwa hizo, naye anapata chake. Lakini wenye reli ya Stockton na Darlington, hii ya hapa, walipomtaka ushauri, akawaambia wachukue za Birkinshaw. Losh alimkasirikia, urafiki ukavunjika. Mimi namheshimu mzee yule kwa uamuzi huo kuliko kwa mashine zake zote.

Reli hizo zilikuwa za ratili 28 kwa yadi, karibu kilo 14 kwa mita. Unazofunga wewe ni za kilo 60. Jipime hapo.

Chini yake hapakuwa na mataruma kama yenu. Palikuwa na mawe, kila moja peke yake. Huko Brusselton, si mbali na hapa, mengine yangalipo: jiwe la mraba mraba, matundu mawili juu. Ndani ya tundu kilipigwa kigingi cha mwaloni, ndani ya kigingi msumari, na msumari ukabana kiti cha chuma kilichoshika reli. Walichagua mawe ili farasi wapite katikati bila kujikwaa. Ubaya wake ni kwamba hakuna kilichounganisha jiwe la kushoto na la kulia. Mvua ikinyesha, treni ikitikisa, moja linakwenda kwake na lingine kwake. Upana wa njia unapotea na gurudumu linatumbukia ndani.

Jibu lilionekana kwenye kinamasi cha Chat Moss, reli ya Liverpool na Manchester ilipokuwa ikijengwa. Jiwe pale lingezama. Wakachimba mifereji ya kukausha, wakatandika majamvi ya matawi yaliyosukwa, juu yake changarawe, juu yake mataruma ya mbao yaliyoshika reli zote mbili. Baadaye mbao zikayaondoa mawe kila mahali. Upana nao ulikuwa futi 4 na inchi 8. Wakaongeza nusu inchi ili magurudumu yasibane kwenye kona. Ndiyo hiyo milimita 1,435 unayopima kila siku kwenye SGR, reli yetu mpya, usikubali kuambiwa imetoka kwingine.

Hata shindano la vichwa vya treni la Rainhill, Oktoba 1829, zawadi pauni 500, masharti yake yaliilinda njia. Mashine ya magurudumu manne isizidi tani 4 na nusu, ya sita isizidi tani 6, na boila ikae juu ya springi, maana uzito usio na springi ni nyundo juu ya reli. Rocket, mashine ya kina Stephenson, ikashinda kwa tani 4 na robo na mabomba 25 ya shaba ndani ya boila.

Muulize Mjomba: maji ya mto Mkondoa yakila tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, dereva anamsubiri nani?

Ada ya udereva sitatuma. Nitatuma ya kozi ya ukaguzi wa njia, pamoja na viatu vya kazi. Huku mkaguzi akisema treni isimame, inasimama, na mimi cheti hicho ninacho, mjue. Mengine yote ni mazima, baridi tu. Nimeukumbuka wali wa Mama Zuwena hadi nimeudhika.

Fedha za bati la Bibi ziko kwa Shangazi, zisipitie kwa Mjomba. Nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya swala.

Kaka yako