Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wanafunzi wenzangu wa Kikorea hapa Korea,

Naanza na saa, kwa sababu ndiyo iliyotuaibisha mwaka huu. Tulimwalika mwalimu wetu chakula cha mchana. Katibu akampigia simu, akamwambia kwa Kikorea safi aje "ilgop si". Ilgop ni saba, si ni saa, na kichwani mwa katibu ilikuwa saa saba mchana; kumbe saa saba ya Wakorea ni saa moja yetu. Mwalimu akafika saa moja jioni, kama alivyoambiwa, sufuria imebaki ukoko. Nimekwisha kumwomba radhi kwa niaba yenu.

Katika masomo, herufi hazikumsumbua mtu. Hangul ya leo, yaani alfabeti ya Kikorea, ina 24 tu, na hata wageni wa mwaka huu walikuwa wakisoma majina ya stesheni za Seoul kabla hawajajua kuagiza chakula. Shida ni masikio. Dal ni mwezi, ttal ni binti, tal ni barakoa. Kwetu zote zinasikika sawa. Mwenzetu mmoja, akitaka kusifia mbalamwezi, alimwambia mama mwenye nyumba kwamba binti anang'aa juu ya paa. Tena ulimi wetu haupendi silabi iliyofungwa na konsonanti, ndiyo maana bap, yaani wali, bado tunaiita "bapu". Mazoezi ya matamshi ya Alhamisi yataendelea, na wanaoyakimbia wakaangalie tamthilia nawajua.

Jambo zito ni TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea, wenye ngazi mbili, I na II. Mwenye ufadhili wa serikali ya Korea, baada ya mwaka wa kujifunza lugha, anatakiwa awe na daraja la 3 ndipo aanze shahada. Daraja hilo liko kwenye TOPIK II, yenye insha. TOPIK I ni kusikiliza na kusoma tu. Insha ndiyo inayotuangusha, nami iliniangusha mara ya kwanza. Tunaandika tunavyoongea, kila sentensi ikiishia na -yo ya heshima, wakati insha inataka -da kavu, isiyomwamkia mtu. Aliyelelewa kwa shikamoo anaona kama anamkosea msahihishaji adabu.

Kwa hiyo kamati imeamua fedha za sherehe zinunue vitabu vya mitihani iliyopita. Najua baadhi yenu mmenuna. Siku ya Hangul, Oktoba 9, tutakwenda kwenye sanamu ya Mfalme Sejong, aliyeasisi Hangul, pale Gwanghwamun, Seoul, kila mtu na nauli yake na chapati zake. Tukutane saa nne asubuhi, yaani yeol si, saa kumi ya Wakorea.

Mwenyekiti