Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 31 huu nashona kanzu na sare za skuli. Sindano nazijua. Ndiyo maana nimeshindwa kuinyamazia barua ya msomaji mwenzangu aliyesema sindano za Kichina, zile za kuchomwa mwilini kutibu maradhi, ni kiini macho. Lakini hata lile tangazo la kwenye nguzo ya umeme mtaani kwetu, eti zinaponya sukari, presha, ugumba "na mengineyo", nalo limevuka mpaka.

Mwaka juzi bega la kulia lilinigomea. Kanzu iliyotundikwa ukutani sikuweza kuishusha. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964, nikaenda kwa mmoja wao. Nilidhani nitapigwa sindano ya bomba, kumbe ni kijisindano chembamba kuliko changu cha kudarizia, hakina tundu wala dawa. Pakiti aliichana naiona. Moja akaichoma mguuni! Bega na mguu wapi na wapi? Aliweka vidole vinne chini ya goti kutafuta pahala wanapopaita Zusanli, tena vidole vyangu, si vyake. Hapo nilimkubali. Kipimo chao, cun, ni upana wa dole gumba la mgonjwa mwenyewe, na sisi mafundi hatumkatii mtu kanzu kwa kifua cha fundi.

Haikuuma. Alipoizungusha nilihisi uzito, kama uzi unaovutwa kwenye turubai. Wenyewe husema hapo qi imefika. Kwa elimu yao ya kale, qi ni nguvu inayopita mwilini kwa njia zake, na ikikwama ndipo maumivu. Mimi qi sijaiona. Kijana wangu anayesomea uuguzi alinieleza utafiti wa Ujerumani uliotoka 2007, wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,000: waliochomwa penyewe na waliochomwa juu juu pasipo penyewe walipata nafuu karibu sawa, na wote waliwapita waliopewa matibabu ya kawaida. Pengine ile ramani yao ya pahala pa kuchoma mwilini haina uzito wanaoupa. Bega langu, baada ya mara nane, lilipanda. Siapi kuwa ni sindano, huenda lingepona lenyewe.

Kilichonishikisha kalamu ni kingine. Yule daktari zamu yake ilikwisha akarudi kwao, nami nikaingia chumba kimoja mjini, sikitaji. Jamaa akatia mkono kwenye kopo la spiriti, akatoa sindano. Nikamuuliza, hizi kachomwa nani? Akacheka: "Mzee wangu, zimeoshwa." Nikavaa shati langu. Homa ya ini haitoki kwa kuchovya kwenye kopo. Na hata iliyo mpya, ikichomwa kifuani na asiyejua, huweza kutoboa pafu.

Wanaohusika wawaambie wenye vyumba hivi wabandike mlangoni walikosomea, pakiti ichanwe mbele ya mgonjwa, na iliyokwisha kutumika itupwe. Na lile tangazo la nguzoni liondolewe. Jirani yangu ameshaacha vidonge vyake vya sukari kwa sababu yake, wiki ya tatu sasa, na mkewe ndiye aliyeniomba niandike.

Fundi Cherehani,
Kikwajuni, Unguja