Kampuni ya bima ikikataa madai, itaje kifungu na itoe ripoti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowaumiza wengi tuliokata bima kubwa za magari, nalo ni kampuni kukataa kulipa fidia bila kumwonyesha mteja msingi wa uamuzi huo.

Wakati wa mvua za masika za mwaka 2024, maji ya Mto Msimbazi yaliingia usiku katika uwanja wa nyumba ninayoishi, Kigogo, Dar es Salaam, yakalikuta gari langu limeegeshwa. Kulipokucha sikuliwasha. Nilipiga picha, nikaitaarifu kampuni, na gari likavutwa hadi gereji. Mkadiriaji hasara aliyetumwa na kampuni alifungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu, akapiga picha chache, akaondoka. Kilichofuata ni barua ya aya moja iliyosema kwamba madai yangu yamekataliwa kwa sababu injini ilikuwa na uchakavu. Haikutaja kifungu chochote cha mkataba, wala haikuambatana na ripoti ya mkadiriaji.

Fundi alipofungua kasha la chujio la hewa mbele yangu, tulikuta chujio limelowa chapachapa na kushika tope. Alipolegeza bolti ya kumwagia oili, yalitangulia maji machafu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hutuama chini, ndipo oili ikafuata. Uchakavu hauwezi kuingiza tope kwenye chujio, wala hauchori mstari wa matope kwenye viti. Mkadiriaji hakugusa kasha wala bolti hiyo, na bado maoni yake ndiyo yaliyofunga madai yangu.

Sipingi kwamba bima ya gari hailipii uchakavu; sharti hilo limo katika mkataba wangu na ni la haki. Lakini mkataba huohuo unataja mafuriko miongoni mwa majanga yanayofidiwa, na kanuni ya siku nyingi katika sheria za bima ni kwamba kampuni inayotaka kujikinga kwa kifungu cha kuondoa fidia ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Nilipoandika kuomba ripoti ya mkadiriaji, nilijibiwa kuwa ni ya matumizi ya ndani. Mteja atapingaje maelezo asiyoruhusiwa kuyasoma?

Ikumbukwe kwamba bima kubwa si fedha kidogo. Kwa gari dogo la binafsi, ada kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, kabla ya kodi, na wengi wetu tunailipa kwa kujinyima, tukijua kuwa bima ndogo humlinda mtu mwingine tu na haigusi hasara ya gari letu wenyewe.

Aliyekataliwa asiishie kwa wakala wala kwenye dawati la madai. Aandike malalamiko rasmi kwa kampuni, abaki na nakala, amtake fundi wa kujitegemea aandike alichokiona na kukitia sahihi, na vipuri vilivyoharibika visitupwe. Asiporidhika, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilianzisha Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko ndiko nilikopeleka shauri langu. Inasikitisha kwamba wenye magari wengi hawajui kama ofisi hiyo ipo, na sijaona kampuni ikiitaja katika barua ya kukataa.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ihakikishe kwamba kila barua ya kukataa madai inanukuu kifungu kinachotumika, inaambatana na ripoti kamili ya mkadiriaji pamoja na picha zake, na inamweleza mteja mahali pa kukata rufaa na muda alio nao.

Mwenye gari,
Kigogo, Dar es Salaam