Tasnifu za vyuo vyetu zitoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Nina steshenari hapa Nyegezi, Mwanza. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kufunga vitabu, na kwa kuwa wateja wangu wengi ni wanachuo, mambo ya vyuoni yakibadilika mimi nayaona pale kaunta kabla hayajatangazwa popote.

Zamani boom, yaani pesa za mkopo wa wanachuo, likitoka, foleni ilifika barabarani. Mwalimu aliacha kompendiamu yake kwa mwenye steshenari, darasa zima likaja kutoa kopi. Siku hizi notsi zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp na mwanafunzi anazisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala ya Buhongwa. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, hadi vikafunguliwa Juni, hata walimu waliokuwa wagumu walizoea kupokea kazi kwa barua pepe. Hilo silalamikii. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Kwimba asiye na hela ya kopi amepata nafuu, na mimi nimetafuta kazi nyingine za kuziba pengo. Dukuduku langu ni tasnifu, zile ripoti ndefu za utafiti ambazo mwanafunzi huandika ili ahitimu.

Hizo bado zinaletwa kwangu. Mwanafunzi anakuja na flashi, anasimama nyuma yangu tukikagua kurasa kwa kurasa, maana namba za yaliyomo zina tabia ya kuruka dakika ya mwisho. Tunachapa, tunashona, tunabandika kava gumu, tunapiga mhuri wa herufi za dhahabu mgongoni: jina, shahada, mwaka. Nakala moja inakwenda idarani, nyingine maktaba, nyingine kwa msimamizi. Na siku hizi chuo kinadai pia nakala tepe, yaani faili la kompyuta. Kwa hiyo faili lipo, limekamilika, limesainiwa, limelipiwa ada. Kisha linawekwa kwenye kompyuta ya ofisi fulani, na mara nyingi safari yake inaishia hapo.

Nina wifi yangu anayeanika dagaa Igombe. Msimu mmoja wa masika alikuja binti wa chuo na madodoso yake, akakaa na akina mama pale mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, akawauliza mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani wanapoteza ndoo ngapi, na waliojenga vichanja vya nyavu wametumia shilingi ngapi. Wifi alimjibu yote, kazi zikiwa zinamsubiri. Baadaye tasnifu ile ikaletwa kwangu kufungwa. Nilipokuwa nikipanga kurasa nikaona jedwali linaloonyesha kichanja kinarudisha gharama zake baada ya muda gani, kwa anayeanika kidogo na kwa anayeanika kwa wingi. Jambo hilo hilo akina mama wa Igombe wanabishania kila masika! Wifi akaniuliza, "Hivi wifi, yule binti aliyekuja kutuuliza, alipata nini?" Nilimweleza nilichokumbuka. Kopi sikumpa, maana kazi ya mtu niliyokabidhiwa niifunge si yangu kuigawa.

Sasa najiuliza, tasnifu ile iliandikwa kwa ajili ya nani? Mwenye dagaa alitoa taarifa zake bure, Bodi ya Mikopo ikatoa pesa za umma, na mama aliyetoa majibu hana pa kuyasomea.

Mwanza si mahali pageni kwa utafiti. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika Ghuba yetu ya Mwanza, na kazi yao ndiyo iliyoandika jinsi aina nyingi za furu zilivyopotea sangara alipotawala ziwa. Mwaka 1995 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini mkoani humu, uliokuta kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa karibu asilimia 40. Ni watu wa hapa waliotoa damu na majibu yao. Lakini makala nyingi za kitaaluma kuhusu ziwa hili na watu wake, ukizifungua kwa simu na bando lako la shilingi elfu moja, unakutana na ukurasa unaodai dola. Kweli, tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa Hinari unaozifungulia nchi kama yetu majarida ya afya. Ni jambo jema sana, ila mlango wake unapita kwenye taasisi zilizosajiliwa. Muanika dagaa hana nywila.

Wenzetu duniani wameliona tatizo hili zamani. Wanafizikia wana hifadhi yao ya makala mtandaoni iitwayo arXiv tangu mwaka 1991, mtu yeyote anasoma bila kulipa. Mwaka 2002 wanataaluma waliokutana Budapest walitangaza kwamba matokeo ya utafiti yawe huria mtandaoni, na mwaka huo huo zikatoka leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi anaeleza mwenyewe kazi yake itumiweje na jina lake libaki. Majarida makubwa nayo yameanza kufungua milango, lakini mengi yamemgeuzia bili mwandishi. Jarida la Nature lilipotangaza utaratibu huo mwaka 2020, bei ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Mhadhiri wetu ataitoa wapi? Na hapo ndipo wanapoingia matapeli. Wateja wangu walimu wamenionyesha barua pepe za majarida yasiyojulikana, yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache bila mtu kuisoma kazi, mradi utume pesa.

Ndiyo maana nasema njia ya karibu kwetu ni hifadhi ya mtandaoni ya chuo chenyewe. Programu ya kuendeshea hifadhi kama hiyo, DSpace, iliyotengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Hewlett-Packard, haiuzwi, na vyuo vingi duniani vinaitumia. Kinachogharimu ni seva, umeme wa uhakika na mkutubi aliyefundishwa na kupewa muda wa kuifanya kazi hiyo. Hapa hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Huria wameshaweka tasnifu nyingi mtandaoni, unazisoma bila kuombwa hata senti. Vyuo vyote vya Kanda ya Ziwa vifike huko, na isiwe kwa tasnifu chache za kuonyesha wageni.

Nimeshasikia pingamizi: zikiwa wazi, zitaibiwa. Mhariri, zinaibiwa zikiwa zimefungiwa. Kuna mwaka niliifungua flashi ya mteja nikaona jedwali ambalo nilikwisha kulichapa, lenye kosa lile lile la kujumlisha katika safu ya mwisho. Kijiji kilikuwa kimebadilishwa jina, na jina la mwandishi vilevile. Nilimrudishia flashi yake nikamwambia kazi hiyo siwezi kuifunga. Msimamizi wake angejuaje, wakati ile ya kwanza iko kabatini kwenye chuo kingine? Kazi iliyo wazi mtandaoni inakamatwa kwa kutafuta sentensi moja tu. Na sasa ambapo akili mnemba inamwandikia mtu sura nzima kwa dakika moja, kinachobaki na thamani ni yale majibu yaliyochukuliwa mwaloni, na hayo yanahitaji kuonekana ili yahakikiwe.

Mwenye sababu ya kusubiri, labda anataka kwanza kuitoa kazi yake jaridani, apewe mwaka mmoja au miwili ndipo ifunguliwe. Na palipo na siri za wagonjwa au majina ya waliohojiwa, pafichwe kama maadili yanavyotaka. Haya yanaandikika kwenye fomu moja anayosaini mwanafunzi siku ya kukabidhi.

Naomba jambo moja zaidi, na hili nalipigania kuliko yote. Kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa ajili ya aliyehojiwa: tuliwauliza hivi, tukakuta hivi, mnaweza kufanya hivi. Ukurasa huo urudi kwa mtendaji wa kijiji au viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ya mwalo husika, nao wautume kwenye kundi lao la WhatsApp, maana makundi wanayo. Isihesabike kwamba mwanafunzi amemaliza mpaka ukurasa huo umefika.

Skana ninayo dukani. Chuo chochote cha hapa Mwanza chenye tasnifu za zamani zisizo na nakala tepe kilete maboksi yake. Nitazipitisha kwa gharama ya umeme na posho ya kijana anayenisaidia, na faili zote nitaukabidhi uongozi wa maktaba yao.

Mama mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza